Kutoa Shuleni: Tuwafunze Watoto Ukarimu, Si Kujionyesha

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo walivyonena wahenga wetu. Huenda usemi huo ukafaa katika mitaa ambamo matajiri wamejenga kuta ndefu kati yao na maskini. Hapa Kiamaiko, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, haufai hata kidogo. Hapa mwenye shibe na mwenye njaa huketi kwenye dawati moja, husoma kitabu kimoja na kunywa maji ya mfereji mmoja. Wakikosa kujuana hali, lawama haiwaangukii wao bali inatuangukia sisi tunaowafunza.

Kwa msomaji asiyeujua mtaa huu, Kiamaiko ni soko la mbuzi. Alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, malori huwasili yakiwa yamesheheni mbuzi na kondoo waliosafirishwa kutoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko kaskazini mwa nchi. Ifikapo saa tatu nyama imekwisha kuning'inizwa mabuchani, na ifikapo saa saba mchana harufu ya nyama choma na supu ya vichwa hupenya madirishani mwa madarasa yaliyo jirani na soko. Ni saa hiyo hiyo ambapo kengele ya chakula cha mchana hulia. Watoto wenye mikebe huifungua. Wenye makwao karibu hukimbia nyumbani. Lakini wapo wengine, wanne darasa hili, watano darasa lile, ambao hutoka nje kwa madaha kama waendao kula, wakazunguka nyuma ya vyoo, wakanywa maji, kisha wakarudi wakijifuta midomo.

Kujifuta midomo huko ndiko kulikonisukuma kushika kalamu leo. Nataka kuzungumza na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi kuhusu jambo ambalo shule nyingi hulifanya mara moja kwa mwaka kwa kelele nyingi, kisha zikalisahau: kuchanga chakula kwa ajili ya wanafunzi wenye njaa.

Kosa langu la kwanza

Nimefunza mtaani humu kwa miaka mingi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa darasa la sita, nilikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akisinzia kila alasiri. Asubuhi alikuwa mwerevu wa kupigiwa mfano. Hesabu alizifanya upesi kuliko wenzake. Lakini saa nane ikifika, kichwa chake kilianguka juu ya dawati kama gunia tupu. Kiboko kilikuwa kimekwisha kupigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001, nami sikukitumia. Nilitumia ulimi, ambao nyakati nyingine huumiza zaidi. Nilimsimamisha pembeni mwa darasa, nikamwuliza mbele ya wenzake kama nyumbani kwao hakuna kitanda. Darasa zima likacheka.

Jioni, walipokuwa wakiondoka, msichana aliyekuwa akiketi naye alibaki nyuma. Alisimama mlangoni akichezea mkanda wa mfuko wake.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "yule hasinzii kwa uvivu. Jana nilisahau kuja na chakula, kwa hivyo hata yeye hakula."

Ilinichukua muda kuyaelewa maneno hayo. Msichana yule alikuwa akimgawia mwenzake nusu ya chakula chake kila siku, tangu mwanzo wa muhula. Mama yake alimfungia mkebe mmoja wa githeri, naye akaugawa sehemu mbili bila kumwambia mtu. Siku aliyosahau mkebe, walilala njaa wawili. Mimi, mtu mzima niliyesomea kazi ya kulea watoto, sikuwa nimeona lolote. Mtoto wa miaka 12 alikuwa ameona, akafikiri, akatenda, na akanyamaza.

Tangu siku hiyo sijapata kuamini kwamba ni sisi walimu tunaowafunza watoto kutoa. Wengi wao hutoa kabla hatujawaambia. Kazi iliyo mbele yetu ni kuupanga ukarimu huo ili usimchoshe mtoto mmoja aliyebeba mzigo wa wawili, na kuulinda usiharibiwe na tamaa yetu ya kusifiwa.

Je, maskini anaweza kuchangia maskini?

Shauri la kuchanga chakula lilipoletwa katika mkutano wa walimu, mwenzetu mmoja mwenye hekima na umri alilipinga. Alisema ni haki kuwaomba michango watoto wa mitaa ya kifahari, lakini kumwomba mtoto wa Kiamaiko ni kumkamua ng'ombe aliyekonda. "Hawa ndio wa kupokea," alisema. "Tutawaomba nini?"

Hoja yake si nyepesi, wala sitaipuuza. Wazazi wengi hapa hula kwa jasho la siku hiyo hiyo. Hununua unga, mafuta na sukari kwa vipimo vidogo vidogo, kwa pesa za kadogo. Mtu wa namna hiyo hana ghala la kupunguza.

Hata hivyo, naona hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba njaa ya mtaa wetu imegawanywa sawasawa na kwamba imesimama mahali pamoja. Sivyo. Njaa hapa huhama nyumba hadi nyumba. Mwezi huu mzazi wa huyu ana kazi ya mjengo na wa yule hana. Mwezi ujao mambo yamegeuka. Hata biashara ya mbuzi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Kiamaiko, haina uhakika. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya. Zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini. Ukame huo uliomnyang'anya mfugaji wa Marsabit mbuzi wake ndio huo huo uliompunguzia riziki mchinjaji, mchuuzi wa ngozi, mpika supu na kijana wa kubeba mizigo hapa Nairobi. Mtoto aliyekuwa akitoa akajikuta akihitaji. Maadam hakuna ajuaye zamu yake ya kuhitaji itakuja lini, mchango wa shule ni akiba ya wote.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kumwambia mtoto kwamba yeye ni wa kupokea tu ni kumfunza kwamba hana kitu cha kumfaa mwenziwe. Akilisikia hilo shuleni kila siku kwa miaka minane, atakua akiliamini. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto wa Kiamaiko ananyimwa mengi; tusimnyime pia heshima ya kuwa mtoaji.

Mifano si haba

Historia yetu imejaa ushahidi kwamba mkono mdogo hufanya jambo kubwa. Mwaka 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia na watu wa Turkana nao wakawa katika dhiki kuu, Wakenya walianzisha kampeni iliyofahamika kama Kenyans for Kenya. Lengo la awali lilikuwa Sh500 milioni kwa muda wa mwezi mmoja. Watu wengi walituma kiasi kidogo kidogo kwa simu zao, na lengo hilo likapitwa kabla ya mwezi kwisha. Kilichoshangaza dunia mwaka ule ni wingi wa Wakenya wa kawaida waliotoa walichokuwa nacho.

Mwaka huo huo, huko Ghana, mvulana wa miaka 11 aitwaye Andrew Adansi-Bonnah aliziona kwenye televisheni picha za watoto wa Somalia waliokondeana. Aliitumia likizo yake kuzunguka ofisi kwa ofisi akiomba michango kwa ajili yao. Hakuwa akiwajua watoto hao, wala hakuwa amefika nchini kwao. Alichokuwa nacho ni miguu, ulimi na likizo.

Tuje nyumbani. Mkenya Wawira Njiru alikuwa mwanafunzi wa masuala ya lishe nchini Australia mwaka 2012 alipoandaa chakula cha jioni, akawaalika watu waje kula kwa malipo, kisha pesa hizo zikajenga jiko dogo Ruiru. Jiko hilo lilianza kwa kuwalisha watoto 25. Shirika lililozaliwa hapo, Food4Education, ndilo lililoshirikiana na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023 kuzindua mpango wa Dishi na County, ambao ulijenga majiko makubwa ya kuwalisha maelfu ya wanafunzi wa shule za umma za msingi na za chekechea jijini. Mpango huo ulipozinduliwa, mtoto alitakiwa kulipa Sh5 tu kwa sahani. Mwanafunzi anayesoma makala haya na akumbuke kwamba kazi hiyo kubwa ilianzishwa na mwanafunzi mwenzake aliyejua kupika.

Hata Finland, nchi iliyotangulia zote kuwapa wanafunzi wote chakula cha bure shuleni, haikuanza ikiwa tajiri. Sheria yake ya mwaka 1943 ilitungwa wakati wa vita na uhaba, na mpango wenyewe ukaanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1948. Sheria hiyo iliruhusu wanafunzi watakiwe kufanya kazi ya kiasi, nje ya saa za masomo, ya kukuza na kukusanya vyakula vya jiko la shule. Watoto walikula kwa kuwa nchi iliamua hivyo, na wakashiriki kukijaza chungu chao wenyewe.

Kosa letu la pili

Baada ya kusema hayo, sina budi kukiri kwamba tulipoanza kuchanga, tulianza vibaya. Tulitangaza mchango huo katika gwaride la Jumatatu. Tuliyashindanisha madarasa. Karatasi yenye majina ya wanafunzi ilibandikwa ukutani, na mbele ya kila jina pakaandikwa alicholeta: huyu gorogoro moja ya mahindi, yule nusu ya maharagwe, huyu hakuna. Darasa la kwanza kwa wingi liliahidiwa kikombe cha ushindi. Mimi ndimi niliyeiandika karatasi ya darasa langu, tena kwa mwandiko mzuri.

Chakula kilikuja kwa wingi. Tukapongezana. Siku ya nne alifika shuleni mama mmoja auzaye nafaka kando ya barabara. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama binti yake alikuwa ameleta gorogoro mbili za maharagwe. Nikamjibu kwa furaha kwamba ndiyo, na kwamba jina lake lilikuwa la pili kutoka juu. Mama yule akakaa kimya kidogo.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "maharagwe hayo niliyakopa ili niuze. Mwanangu si mwizi. Hajawahi kuchukua hata shilingi yangu. Nyinyi mmemwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumemwambia kwamba thamani yake imeandikwa ukutani, na kwamba nafasi iliyo tupu mbele ya jina lake ni aibu. Alifanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye kupenda heshima angefanya. Maharagwe tulimrudishia mama yake siku ile ile, na karatasi tukaibandua. Lakini wanafunzi watatu waliokuwa na neno "hakuna" mbele ya majina yao hawakuja shule wiki hiyo. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa wale ambao chakula hicho kilichangwa kwa ajili yao.

Ndugu walimu, tafakarini jambo hilo. Tulikusanya chakula cha kumrudisha mtoto darasani, na katika kukikusanya tukamfukuza.

Namna ya kutoa bila kuaibisha

Kutokana na makosa hayo tumejifunza mambo machache ambayo naomba kuyaweka mbele ya shule nyingine.

Kwanza, mchango uwe mdogo na uwe wa hiari. Sisi twaomba glasi moja tu ya mahindi au ya maharagwe, mara moja kwa mwezi. Asiye nayo haulizwi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haimruhusu mwalimu kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya pesa, na mchango wa chakula usije ukawa karo iliyoingia kwa mlango wa nyuma.

Pili, mchango uwe wa siri. Pipa lenye mfuniko huwekwa katika chumba cha vitabu. Siku ya kuchanga, kila mwanafunzi huingia chumbani humo peke yake kwa zamu, awe ana kitu mfukoni au hana, kisha hutoka. Hakuna karatasi, hakuna mwalimu wa kuchungulia. Dini zote kuu zinazofuatwa Kiamaiko, za msikitini na za kanisani, zimesifu sadaka isiyotangazwa. Hapo basi Mwislamu na Mkristo hawana la kubishania.

Tatu, chakula kiwe kizima. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na kuvu ya sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Punje iliyobadilika rangi, iliyonyauka au inayonuka uvundo haifai kutolewa kwa mtu wala kwa kuku. Kanuni ni nyepesi: usichoweza kukila wewe, usimpe mwenzio. Vile vile, nafaka zilizochangwa zianikwe, zichaguliwe na kuhifadhiwa juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.

Nne, tusisahau kwamba nafaka kavu si chakula bado. Githeri huchukua saa nyingi motoni. Panahitajika makaa, sufuria, maji, mafuta, chumvi na mpishi. Shule nyingi hujaza ghala kisha magunia yakaoza kwa kukosa makaa. Kabla ya kuomba glasi ya kwanza, kamati na ijue nani atapika na kwa moto wa nani. Wafanyabiashara wa soko la mbuzi wakiombwa makaa kwa heshima, sioni kwa nini wasitoe. Wengi wao ni wazazi wa watoto hawa hawa.

Tano, na hili ndilo gumu zaidi, chakula kipokewe bila kumtambulisha mpokeaji. Ukiwapanga watoto wenye njaa mstari mmoja mbele ya wenzao, umewalisha tumbo na kuwanyima uso. Sisi tumenunua mikebe ya kawaida, ya rangi na vimo mbalimbali kama ile itokayo majumbani. Mpishi huijaza kabla ya mapumziko ya saa nne, na wenyewe huichukua chumba cha vitabu wakati ambao wengine nao huenda kuchukua vitabu. Kengele ya saa saba ikilia, wote hufungua mikebe. Hakuna ajuaye upi umetoka nyumbani na upi umetoka pipani. Na mara moja kwa muhula, shule nzima hula kutoka chungu kimoja, walimu wakiwemo. Aliyewahi kupita katika hekalu la Masingasinga pale Makindu, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, atanielewa. Wasafiri wa kila dini hula pale bure, na hakuna anayeulizwa ametoa nini wala ametoka wapi.

Hesabu ya glasi

Huenda mwanafunzi akauliza: glasi moja itafaa nini? Na tuketi tufanye hesabu, kwani hili ni somo zuri hata kwa mwalimu wa hisabati.

Glasi moja ya nafaka ina takriban gramu 200. Glasi 10 basi ni kilo 2, yaani gorogoro moja. Tuseme darasa lina wanafunzi 45, na 30 kati yao wametoa glasi moja moja. Hizo ni gorogoro 3. Shule yenye madarasa 12 itapata gorogoro 36, yaani kilo 72. Kipimo ambacho kwa miaka mingi kilitumiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika shule za Kenya kilikuwa gramu 150 za nafaka na gramu 40 za kunde kwa mtoto kwa siku, pamoja na mafuta na chumvi kidogo. Jumla ni gramu 190. Ukizigawa kilo 72 kwa kipimo hicho, utapata zaidi ya sahani 370. Kama shule ina watoto 20 wasio na chakula cha mchana, sahani hizo zitawatosha kwa siku 18, karibu wiki nne za masomo. Na wiki nne zikiisha, siku ya kuchanga imewadia tena.

Sharti moja tu: walioleta mahindi wawe wengi kuliko walioleta maharagwe, kiasi cha gorogoro nne kwa moja. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba chenyewe kina tarakimu.

Je, tunaisamehe serikali?

Najua wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya serikali, na kwamba mtoto akichanga maharagwe serikali itapata kisingizio cha kulala. Nakubaliana nao nusu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe. Haki hizo hazikuandikwa ili zitimizwe kwa glasi za wanafunzi. Shule zinapaswa kuzidai kwa barua, kwa mikutano na kwa kura za wazazi. Zaidi ya hayo, mtaani kwetu wamo watoto wengi wanaosoma katika shule ndogo za watu binafsi kwa sababu za umma hazitoshi, na mpango unaolenga shule za umma pekee huwapita mlangoni.

Lakini nusu nyingine sikubaliani nao. Sisi tuliosoma zamani tunayakumbuka maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulianza mwaka 1979, na pakiti zake ndogo zilikuwa sikukuu yetu. Katika miaka ya tisini ulififia hadi ukatoweka, na hakuna aliyekuja darasani kutueleza sababu. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, chakula cha shule nacho kilifungwa, na haikuwa hadi Januari 2021 ndipo madarasa yote yakafunguliwa. Mipango mikubwa huja na kwenda. Njaa ya saa saba haiendi popote. Kuidai haki ni wajibu wetu, na mtoto ale huku tukiidai.

Tena, mtoto aliyewahi kuchanga glasi yake, akapiga hesabu ya sahani na kuona jinsi chakula cha watu 20 kinavyopatikana, atakuwa raia asiyedanganyika kirahisi. Atakapokuwa mtu mzima na kuambiwa kwamba fedha za chakula cha shule zimekwisha, atajua kuuliza zilikuwa gramu ngapi na zimekwenda wapi.

Neno kwa wanafunzi

Wanafunzi wapenzi, najua si wote mlio na glasi ya kutoa. Asiye na nafaka anaweza kuchagua mahindi pipani siku ya Jumamosi, kuteka maji, kuosha mikebe au kumsaidia mpishi kukoka moto. Anaweza kumwona mwenziwe anayezunguka nyuma ya vyoo saa saba na kumnong'onezea mwalimu anayemwamini. Hiyo pia ni sadaka.

Na wewe unayepokea leo, usiinamishe kichwa. Chakula hicho ni chako kwa haki. Kule, ushibe, usome. Siku zamu yako ya kutoa itakapofika, nawe utoe.

Mwezi uliopita, tulipolimwaga pipa ili tuchague nafaka, tulikuta katikati ya maharagwe kijikaratasi cha gazeti kilichokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na chumvi, kiasi cha vijiko viwili, ile inayouzwa dukani kwa kadogo. Hatujui ni nani aliyeileta, wala hatutamtafuta. Mpishi aliipokea, akaitia katika sufuria ya siku hiyo, na watoto 20 wakala.

Siku ya kuchanga mwezi huu ni Ijumaa. Njooni na glasi zenu. Asiye na glasi, na aje na chumvi. Asiye na chumvi, na aje tu, aingie chumbani kwa zamu yake kama wengine wote.